Dakika 45 zilipotelea wapi? Kisa cha mkimbiaji wa Mwanza kwenye mbio za ramani kwa skii

Binti wa miaka 22, mzaliwa wa Ilemela, amekulia kwenye riadha ya shule na anakimbia kilomita 10 barabarani kwa dakika 38. Alipata mwaka mmoja wa masomo Finland, akajiunga na klabu ya mbio za ramani, na Desemba akapewa skii za kuazima, yaani mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Machi akaingia mashindano ya mkoa, masafa ya kati, daraja la wanawake. Mshindi alimaliza kwa dakika 44. Yeye alitumia saa 1 na dakika 29, wa mwisho kwenye orodha. Sasa amerudi Mwanza na anauliza: aendelee na mchezo huu, au arudi kwenye mbio za barabarani ambako pumzi zake zinaonekana?

Kaka yake alishatoa jibu. "Mdogo wangu, kama pumzi zote hizo hazikukufikisha hata katikati ya kundi, mchezo huo si wako. Rock City Marathon ipo hapa hapa nyumbani." Anasema kwa mapenzi, na hoja yake ina uzito ambao tutaurudia. Tatizo ni kwamba amehukumu kwa kuangalia muda wa mwisho peke yake. Dakika 45 za pengo hazikupotea mahali pamoja wala kwa sababu moja, na pumzi karibu hazihusiki.

Mchezo unavyokwenda

Mwanariadha hupewa ramani sekunde chache kabla ya kuondoka. Ramani ina vituo vyenye namba, na ni lazima avipitie kwa mpangilio. Njia ya kutoka kituo hadi kituo anaichagua mwenyewe. Msimamizi wa mchezo duniani ni IOF, shirikisho lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1961, na mashindano ya kwanza ya dunia ya skii yalifanyika Hyvinkää, Finland, mwaka 1975. Mbio fupi kabisa huisha kwa dakika 12 hadi 15. Mbio ndefu hupita saa moja.

Anayezijua mbio za ramani kwa miguu asidhani huu ni mchezo ule ule uliovishwa skii. Kwa miguu unatafuta kitu kilichojificha: jiwe, shimo, kona ya korongo. Kwenye skii kituo kinasimama kando ya njia na unakiona vizuri. Ugumu uko kwenye mtandao wa njia. Msitu mzima hukatwa njia nyingi zinazopishana, na ramani huzichora kwa kijani kufuatana na upana na kasi. Mstari mnene ni njia pana iliyotengenezwa kwa mashine, ambapo unaweza kutanua miguu na kuteleza kwa nguvu. Mstari uliokatika ni njia nyembamba ya pikipiki ya theluji, ya upana wa mita moja hivi. Hapo miguu hainyooki pembeni, unajisukuma kwa fimbo mbili kwa pamoja. Vitone ni njia mbaya zaidi, ambayo theluji yake haikushindiliwa vizuri. Mtu anaweza kukatiza msituni pasipo na njia, ila theluji ikiwa ya magotini, mita mia za kukatiza zinaweza kumgharimu kuliko nusu kilomita ya kuzunguka.

Kwa hiyo kazi ya kichwa ni moja na inarudiwa muda wote: njia panda inayofuata ni ipi, ni ya ngapi, nakata wapi, na baada ya hapo?

Hesabu ya pengo

Tulichukua muda wake wa kila kipande, yaani kutoka kituo hadi kituo, tukauweka pembeni mwa muda wa mshindi, na saa yake ya GPS ikatupa njia aliyopita. Hatua ya kwanza ni kutafuta vipande visivyo na uamuzi wowote: njia moja pana, hakuna pa kupotea. Kwenye vipande hivyo yeye alitumia mara 1.6 ya muda wa mshindi. Huo ndio uwezo wake wa skii ukiondoa ramani. Zidisha dakika 44 kwa 1.6, unapata dakika 70. Maana yake, hata angesoma ramani bila kosa lolote angefika kwa dakika 70. Dakika 26 ni za skii. Zinazobaki, 19, ni za kichwa.

Hizo 19 nazo tukazigawa. Kusimama kusoma ramani: mara 34, wastani wa sekunde 5, karibu dakika 3. Kuchagua njia isiyofaa: dakika 5. Kupita njia panda au kukata mahali pasipo sahihi: dakika 11.

Hiyo 1.6 isimkatishe mtu tamaa. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyeanza kujifunza skii Finland mwaka 1996, alishiriki kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wakati Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24, kisha akamsubiri mstarini kumpokea. Uwiano wao ni 1.73. Ni kweli mshindi wa mashindano ya mkoa si Dæhlie, kwa hiyo namba hizi mbili haziwekwi mizani moja. Lakini zinaonyesha jambo lile lile: mkimbiaji mzuri hahami na kasi yake anapohamia kwenye skii, hata baada ya majira mawili ya baridi. Boit aliendelea, akashiriki tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006.

Kwa nini kasi haihami? Mkimbiaji amezoea hatua fupi za haraka, mguu ukigusa chini unainuliwa. Kwenye skii uzito wote unatakiwa ukae juu ya skii moja hadi iteleze, ndipo uhamie nyingine. Video za binti huyu zinaonyesha anahama mapema mno, hivyo anafanya kazi mara mbili kwa umbali ule ule. Mapigo ya moyo yako juu kabisa, kasi iko chini. Na mikono, ambayo kwa mkimbiaji ni ya kulinda mwendo tu, hapa inabeba sehemu kubwa ya msukumo.

Vifaa navyo vilimkosea. Skii alizoazimwa zilitengenezwa kwa mtu mzito kuliko yeye mwenye kilo 50. Upinde wa skii ngumu haulali chini ya mtu mwepesi, kwa hiyo haishiki theluji vizuri anapojisukuma na ncha zake hutangatanga. Fimbo zilikuwa za sentimita 155, naye ana urefu wa 163. Kwa kuteleza kwa kutanua miguu, fimbo huwa karibu asilimia 90 ya urefu wa mtu, yaani 147 kwake, na wengi wa mchezo huu hupunguza sentimita chache zaidi kwa sababu ya njia nyembamba. Fimbo ndefu hivyo humwinua mabega kila anaposukuma na kumchosha misuli ya shingo. Hili la fimbo linarekebishika ndani ya siku moja, kwa msumeno na gundi.

Kipande cha 6 hadi 7

Hapa ndipo alipoumia kuliko popote. Katikati ya vituo hivi kuna kilima. Kushoto, njia pana inakizunguka, kilomita 1.9, karibu tambarare. Kulia, njia nyembamba inapita begani mwake, kilomita 1.2. Akaenda kulia kwa sababu ni fupi.

Kwenye njia pana kasi yake ni kilomita 11 kwa saa; kwenye njia nyembamba ni 6. Kushoto kungemchukua dakika 10 na sekunde 22. Kulia ni dakika 12 kamili hata bila kosa. Uamuzi peke yake ulishamgharimu zaidi ya dakika moja na nusu kabla hajasogea. Mshindi naye alikwenda kushoto. Kwa mtu ambaye skii bado hazijamkaa, sheria inakuwa kali zaidi: pengo lake kati ya njia pana na nyembamba ni kubwa kuliko la mzoefu, kwa hiyo anatakiwa azunguke mara nyingi kuliko mzoefu. Yeye alifanya kinyume, alikata moja kwa moja kama anavyofanya kwa miguu.

Halafu likaja kosa lenyewe. Ramani ilimtaka akate kushoto kwenye njia panda ya pili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya mteremko. Akaipita macho yakiwa kwenye ncha za skii, akihofia kuanguka, na hakuihesabu. Alipofika ya pili akaiita ya kwanza, akaendelea hadi ya tatu, akakata, akashuka bonde lisilo lake. Kwa miguu, kosa kama hilo ni kugeuka na kurudi. Kwenye skii, ulichoshuka bure unakipanda kwa jasho. Dakika 4 na nusu zikaenda, na kipande kizima kikamchukua dakika 16 na nusu.

Kwa nini hakuihesabu? Vuli ile alijifunza ramani kwa miguu, na mwalimu wake wa kule alimfundisha vizuri: kidole gumba kinakaa juu ya ramani mahali ulipo, kinasogea nawe. Kwenye skii mikono yote ina fimbo. Ramani inakaa kwenye kibao kifuani, na gumba halipo. Badala yake ni lazima sehemu inayofuata ikae kichwani kabla hujaondoka: kushoto ya pili, daraja, kulia ya kwanza. Alinyang'anywa chombo alichokitegemea na hakupewa kingine.

Dira iliyokwama

Mara mbili kwenye mbio hizo alisimama akitikisa dira. Aliinunua kabla ya kusafiri, imesawazishwa kwa matumizi ya ukanda wetu. Wengi huku hawalijui hili, kwa hiyo tulieleze sawasawa.

Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kaskazini tu, huiinamisha pia. Kule Finland nguvu hiyo huivuta ncha ya kaskazini chini sana, hivyo watengenezaji huongeza uzito mdogo upande wa kusini wa sindano ili ikae sawa. Mwanza tuko kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo kwa Afrika inapita kaskazini kwetu sana, na huku ncha inayoinama ni ya kusini. Dira ya Ulaya Kaskazini ikiletwa Mwanza, ncha ya kusini inainamishwa na sumaku na uzito kwa pamoja, inakwaruza sakafu ya kibweta na kukwama. Dira ya huku ikipelekwa kule, ncha ya kaskazini ndiyo inayokwaruza. Kibao cha kifuani kinalala kwa mshazari, kwa hiyo hali inazidi kuwa mbaya. Sindano inaonekana imetulia, kumbe imenasa.

Dawa yake ni dira mbili, moja ya huku na moja ya kule, au moja ya aina inayosawazishwa kwa dunia nzima. Ya kujaribu dukani: ilaze sawa, kisha iinamishe kidogo kidogo huku ukiizungusha. Ikiacha kuzunguka kabla ya mwinamo wa kibao chako kifuani, iache.

Faraja ni kwamba ramani za mchezo huu huchorwa kwa kaskazini ya sumaku, hivyo hakuna marekebisho ya kukokotoa. Ukijifunzia kwenye ramani za serikali za 1:50,000, kumbuka hizo mistari yake si ya sumaku.

Vilima vya Mwanza kama uwanja wa mazoezi

Hapa ndipo tunatofautiana na wanaosema bila theluji hakuna la kufanya. Dakika 19 za kichwa hazihitaji theluji hata kidogo. Zinahitaji mtandao mnene wa njia za upana tofauti, kwenye miinuko, wenye njia panda nyingi. Panda Mabatini, Igogo au Isamilo uone. Nyumba zimejengwa juu ya mawe, na kati yake kuna barabara ya gari inayozunguka kilima, njia ya bodaboda inayokatiza, na kichochoro au ngazi za mawe zinazopanda moja kwa moja. Ni daraja tatu zile zile za ramani ya skii. Msitu wa wazi usio na njia haukupi zoezi hili, na uwanja wa Nyamagana haukupi kabisa. Miaka aliyozunguka uwanjani ilimjengea moyo na mapafu. Haikumjengea uamuzi hata mmoja.

Ramani inatengenezwa hivi. Chukua picha ya setilaiti ya eneo, ichape kwa 1:5,000. Karatasi moja ya A4 inafunika kama kilomita 1 kwa 1.5. Pita kwa miguu na penseli. Barabara ya gari ichore kwa mstari mnene, ya bodaboda kwa mstari uliokatika, kichochoro kwa vitone. Futa kila kinachoishia uani kwa mtu. Kazi hii peke yake ni nusu ya mafunzo, kwa sababu anayeichora hujifunza kuona njia panda kama kitu cha kuhesabiwa. Lakini mwanariadha asichore ramani atakayopimwa nayo.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mweleze, naye awaambie mabalozi wake. Mtu anayekatiza vichochoroni mbio mbio na kibao kifuani bila taarifa atadhaniwa mwizi, na wenye nyumba hawatakuwa na makosa. Zoezi lianze saa 12 na nusu asubuhi, kumekucha tayari na watoto wanaelekea shule, hivyo kasi ipunguzwe penye watu. Baada ya mvua acheni ngazi za mawe; granaiti iliyoloa inateleza kuliko inavyoonekana.

Kibao ni plaiwudi ya milimita 3, sentimita 25 kwa 25, boliti moja katikati na washa mbili ili ramani izunguke kufuata mwelekeo, mikanda kutoka begi la shule lililochakaa. Mikononi ashike fimbo mbili za mianzi. Hazina kazi ya kusukuma. Zipo ili gumba lisiguse ramani.

Zoezi lina vipande sita vya dakika 6 hadi 8, mapumziko ya dakika 2. Masharti ni mawili. La kwanza, hasimami kwenye njia panda. La pili, kabla ya kuifikia kila moja anaitaja kwa sauti pamoja na inayofuata. Anayemfuata nyuma anaandika kila kusimama na kila kutaja vibaya. Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni kocha mwenye huruma anayemwambia "hapana, kulia". Mwache apotee, maana muda wa kurudi ndio unaofundisha.

Kwa mikono, tyubu mbili za baiskeli zilizopasuliwa, zifungwe kwenye tawi la mwembe juu ya kichwa. Vuta zote pamoja kutoka usawa wa macho hadi nyongani, tumbo likianza kukunja kabla ya mikono. Dakika 3 mfululizo, mara 4, siku tatu kwa wiki, na kila mwezi ongeza dakika moja kwa kila seti. Wapiga kasia wa mtumbwi wanazo nguvu hizi tayari. Kujiunga nao asubuhi mbili kwa wiki si wazo baya.

Skii za magurudumu hatuzipendekezi hapa mjini. Hazina breki ya maana, na mchanga unaosombwa na mvua kutoka vilimani hulala pembezoni mwa lami, mahali hasa gurudumu linapopita. Gurudumu dogo likikutana nao linasimama, mtu hasimami.

Kisichofanyika Mwanza

Kukaa juu ya skii moja, hewa ya nyuzi 12 chini ya sifuri, hofu ya mteremko: hayo ni ya theluji. Alikohoa siku mbili baada ya mbio, jambo la kawaida kwa mapafu yanayovuta hewa baridi na kavu kwa nguvu zote. Kitambaa chembamba mdomoni hupunguza. Asidanganywe kwamba tyubu za mwembeni zitaondoa zile dakika 26. Zitamfikisha kwenye theluji akiwa na mikono isiyochoka upesi, basi. Majuma kumi mfululizo ya theluji, akiwa na skii za uzito wake na bila shindano lolote katika sita ya kwanza, ndiyo kiwango cha chini tunachokiona kinafaa.

Ajira, na hoja ya kaka

Mchezo huu haumo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Umechezwa kwenye Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi mwaka 2011 na michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu Krasnoyarsk mwaka 2019, lakini fedha ni kidogo na walio juu wengi wanasoma au wana kazi nyingine. Kushiriki mashindano ya dunia, mtu husajiliwa na shirikisho la nchi lililo mwanachama wa IOF, hajisajili mwenyewe. Kwa hiyo kaka yuko sahihi kwamba mkate hautoki hapa. Mbio za barabarani zina zawadi, na binti ana familia inayomtegemea.

Tusichokubali ni kwamba lazima achague sasa. Tove Alexandersson wa Sweden amekuwa bingwa wa dunia kwa miguu na kwa skii pia, kwa sababu kichwa kinachosoma ramani ni kimoja. Kila anachokijenga Isamilo kinamfaa kwa miguu hata kama hataiona theluji tena, na hakimpunguzii chochote barabarani mradi siku mbili za mbio ndefu kwa wiki zibaki.

Ushauri wetu ni majira mawili, kwa vipimo viwili. Mwisho wa majira ya pili ya baridi, uwiano wake kwenye vipande visivyo na uamuzi uwe umeshuka kutoka 1.6 hadi 1.35, na dakika za kichwa kutoka 19 hadi 8 kwa mbio za urefu ule ule. Vyote viwili vikitimia, aendelee na skii. Kichwa kikitimia na uwiano ukigoma, ahamie mbio za ramani kwa miguu. Vyote vikigoma, amsikilize kaka yake.

Kipimo cha kwanza ni mwisho wa Agosti: vipande sita kwenye kilima ambacho ramani yake hajawahi kuiona, fimbo mikononi. Akisimama zaidi ya mara sita, safari ya Finland inasogezwa mbele mwaka mmoja na nauli inabaki benki.